Vyumba vya wageni vya kuunda kiwandani: kwenye baridi kali, maungio kwanza, mitambo baadaye

Mhariri,

Makala yenu kuhusu malazi ya wageni yanayoundwa kiwandani na kupelekwa sehemu za baridi kali iliwafungua wengi macho, nasi tunawapongeza kwa hilo. Lakini karibu ukurasa mzima ulikwenda kwa paneli za sola, betri na pampu za joto. Kuta, maungio na mabomba yaliambulia sentensi mbili. Sisi tunaochora na kuunda majengo ya namna hii tungeugawa ukurasa huo kinyume chake. Pampu ikifa hufunguliwa ikawekwa nyingine. Ukuta uliolowa kwa ndani majira matatu ya baridi mfululizo hauna dawa, hubomolewa.

Tuanze na wageni wenyewe, maana wao ndio wanaokitofautisha chumba hiki na nyumba ya familia. Chumba cha wageni hukaa kitupu siku kadhaa, kisha jioni moja watu wawili huingia na nguo zenye theluji, huoga maji moto kwa kufuatana, hufunga madirisha na kulala. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho takribani gramu 40 za mvuke kila saa. Wawili kwa saa 8 ni gramu 640, na hapo bado hujahesabu bafu wala mataulo. Sasa tazama upande wa pili: chumba cha mita za ujazo 40 chenye joto la nyuzi 20, hewa yake yote haiwezi kubeba zaidi ya gramu 700 hivi za mvuke, na sehemu ya hizo tayari imo. Unaozidi lazima utue mahali, nao hupenda penye baridi: ukingo wa kioo cha dirisha, kichwa cha skrubu, nyuma ya kabati lililogusishwa na ukuta wa nje.

Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kuacha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Ukungu hausubiri mpaka hapo. Huweza kuota pale uso wa ukuta unaposhuka chini ya nyuzi 12.6, kwa sababu hewa iliyogusana na uso huo imeshafika asilimia 80. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mchoraji kabla hajagusa kalamu: hakuna pembe ya ndani itakayoshuka chini ya nyuzi 13 usiku ule wa baridi kuliko zote. Akishindwa kuonyesha hesabu hiyo kwa kila pembe, mchoro haujakamilika, hata kama picha zake zinavutia.

Makala ilisifu makontena ya meli yaliyotumika. Kwa nchi ya joto kuna la kujadili. Kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sisi hatulipendekezi. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.44 kwa nje na 2.35 kwa ndani. Ukiweka kihami joto cha sentimita 20 kila upande unabaki na mita 1.95, yaani kitanda cha mita mbili hakikai kwa upana. Ukiweka kihami hicho kwa nje, umenunua chuma ili ukifiche. Na chuma chenyewe hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko pamba ya mawe (kihami cha nyuzi za mawe), hivyo kila ubavu wa kontena unaogusa nje na ndani ni njia ya wazi ya joto kutoka na mahali pa maji kujikusanya. Povu la kupuliza hupunguza tatizo hilo lakini haliondoi ubaridi wa sakafu na wa zile pembe nne za kunyanyulia.

Mbao zinatosha, na kwa mazingira ni bora. Mti laini uliokauka una uzito wa kilo 450 hivi kwa mita ya ujazo, nusu yake ni kaboni, na kaboni hiyo ilitokana na takribani kilo 800 za hewa ya ukaa. Hesabu hiyo ina maana endapo tu jengo litadumu. Likioza baada ya miaka 12, yote hayo yanarudi hewani.

Ukuta tunaoupendekeza, kutoka ndani kwenda nje, uko hivi: ubao wa jipsamu au mbao, milimita 13, nafasi ya nyaya na mabomba, milimita 45, iliyojazwa pamba, ubao wa mbao zilizoshindiliwa wa milimita 15, ukiwa na utepe kwenye kila kiungo, ambao ndio kizuizi cha hewa na mvuke, fremu ya mbao ya milimita 220 iliyojazwa pamba ya mawe au nyuzi za karatasi, ubao wa nyuzi za mbao wa milimita 100 unaofunika fremu yote kwa nje, karatasi inayozuia maji lakini inapitisha mvuke, upenyo wa hewa wa milimita 30, kisha mbao za nje. Jumla ni sentimita 44 hivi. Ukuta huo hupoteza wati 0.12 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto.

Ile nafasi ya milimita 45 ndiyo watu hupenda kuifuta ili kuokoa upana. Wasiifute. Bila hiyo, fundi umeme hutoboa kizuizi cha mvuke kila anapoweka soketi, na mtu wa tatu akija kutundika televisheni hutoboa tena. Mvuke unaopita kwa kusambaa ndani ya ubao ni kidogo. Unaobebwa na hewa inayovuja kwenye tundu ni mwingi mno kwa kulinganisha. Tundu moja nyuma ya soketi linaweza kulowesha pamba ya sehemu nzima ya ukuta, na dalili ya kwanza ni doa dogo la rangi ya chai chini ya ubao wa nje, miaka miwili baadaye.

Hesabu ya joto si ngumu, na msomaji yeyote anayetaka kujenga aidai. Chukua chumba cha mita 7 kwa 3.5 kwa nje, kimo mita 3.2. Paa na sakafu ni mita za mraba 24.5 kila kimoja. Kuta ni 60 baada ya kutoa mlango na madirisha ya mita za mraba 7. Kwa ukuta tuliouelezea, na kwa kipimo kile kile paa la 0.10, sakafu ya 0.12, dirisha la vioo vitatu la 0.8 na mlango wa 1.0, pamoja na kuingiza hewa safi mita za ujazo 50 kwa saa kupitia kibadilisha joto kinachorudisha asilimia 80 ya joto la hewa inayotoka, chumba hupoteza takribani wati 25 kwa kila nyuzi moja. Ndani 20, nje 20 chini ya sifuri: kilowati moja. Miili ya wageni wawili waliotulia huchangia wati 150 hivi. Chumba hicho hicho kikiwa na kuta za 0.4, vioo viwili vya kizamani na feni inayotupa hewa yenye joto nje, kinadai zaidi ya kilowati 2.5. Paneli zote zilizosifiwa na makala yenu zitatumika kuziba pengo hilo, na majira ya baridi hazitaweza.

Vyumba vinne vikipangwa safu, ubavu kwa ubavu, zaidi ya robo ya uso unaogusana na nje hutoweka. Ni njia rahisi kuliko zote ya kuokoa nishati. Lakini sasa una maungio matatu marefu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia.

Kreni haiwezi kuweka chumba cha tani saba au nane kwa usahihi wa milimita. Acha milimita 20 kati ya moduli na moduli, yaani kati ya chumba na chumba. Pengo hilo, likiachwa tupu, huwa bomba la moshi: hewa ya chini hupata joto kutoka kuta mbili, hupanda, huvuta hewa baridi nyuma yake usiku kucha, na kuta mlizodhani ni za ndani huwa za nje. Vilevile moto wa chumba kimoja hupata njia ya kufika darini. Kwa hiyo bandika mkanda wa pamba ya mawe inayobonyezeka, wenye unene wa milimita 40, kwenye kingo zote za moduli ya kwanza kabla ya pili kushushwa; uzito na vikaza vitaubana hadi 20. Kisha funga kwa ndani kwa utepe wa kuzuia hewa, na kwa nje kwa kifuniko cha mvua. Anzeni na paa, siku ile ile, kwa sababu mvua haisubiri na kwa sababu hewa ya joto husukuma kutoka juu: uvujaji wa darini huloanisha zaidi kuliko wa sakafuni.

Utepe nao una masharti yake. Haushiki kwenye mbao zenye barafu, vumbi au unyevu. Weka roli za utepe ndani ya gari lenye joto, kausha ubao, paka praima, kisha sugua utepe kwa kibao kigumu. Kuupapasa kwa kiganja hakutoshi. Nailoni iliyofunika moduli safarini itolewe yote. Mara nyingi huchanika barabarani, maji huingia, nayo huyazuia yasikauke. Pima unyevu wa mbao za sakafu kwa kipimo cha sindano kabla ya kufunga chochote. Juu ya asilimia 18, subiri na ukaushe. Safari pia hutikisa: pembe za milango hupasuka jipsamu, na viungo vya utepe vilivyokuwa vizuri kiwandani hulegea. Fremu za mbao zikazwe kwa skrubu, misumari peke yake hulegea.

Kuhusu usafiri tuseme kwa kifupi. Barani Ulaya upana wa kawaida wa gari barabarani ni mita 2.55, chumba cha mita 3.5 kinataka kibali maalumu, na kwa kimo hicho kinataka tela la kitanda cha chini. Ulizeni barabara ya mwisho kabla ya kuchora, hasa kona zake na madaraja. Pale isipofika barabara, kata jengo kuwa paneli badala ya vyumba. Kibanda cha Monte Rosa huko Uswisi, kilichofunguliwa mwaka 2009 kwenye kimo cha mita 2,883, kilijengwa kwa vipande vya mbao vilivyokatwa kiwandani na kupandishwa kwa helikopta. Maungio yanakuwa mengi zaidi, kwa hiyo siku za kuziba nazo ziongezwe kwenye ratiba.

Vyumba vikienda milimani, mwambieni pia mtengeneza madirisha kimo cha mahali. Kioo kilichofungwa karibu na usawa wa bahari kina hewa ya shinikizo la huko. Kikifika mita 2,500 huvimba, kingo hulegea, na kingine hupasuka chenyewe juani. Kuna vioo vinavyotengenezwa na kijimrija cha kusawazisha shinikizo, lakini vinapoteza gesi ya agoni inayojazwa kati ya vioo, hivyo uwezo wake wa kuhami hupungua kidogo. Hilo liingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Msingi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9, lakini sicho kinachonyanyua nyumba hasa. Udongo wa chembe laini hunyonya maji kutoka chini na kuyapeleka kwenye ukanda unaoganda, tabaka la barafu hukua kidogo kidogo, na ardhi huinuka sentimita kadhaa, tena si sawasawa. Kwa vyumba vilivyounganishwa hilo ni balaa, maana nguzo moja ikipanda sentimita mbili utepe wote wa kiungio hukatika. Nguzo za chuma za skrubu zizamishwe chini ya kina cha kuganda cha mahali hapo, na kila nguzo iwe na kichwa cha kurekebisha kwa spana. Pima usawa tena baada ya majira ya kwanza ya baridi. Kwenye ardhi iliyoganda mwaka mzima, kanuni ni moja: joto la jengo lisifike chini. Sakafu inyanyuliwe na upepo upite. Nafasi ya sentimita 60 ni kima cha chini, kwa sababu siku moja mtu atatambaa humo na tochi kutafuta bomba lililoganda.

Theluji ina uzito ambao wengi hawauamini. Iliyoanguka leo huweza kuwa na kilo 100 kwa mita ya ujazo au chini ya hapo. Iliyokaa na kushindiliwa hufika 300. Mita moja ya hiyo juu ya paa la mita za mraba 24.5 ni tani saba, karibu uzito wa chumba chenyewe. Pale ambapo theluji haiyeyuki kabisa, hata kuinua jengo mara moja hakutoshi. Vituo vya kwanza vya utafiti vya Halley huko Antaktika vilifukiwa na kupondwa. Halley VI, kilichoanza kazi mwaka 2013, kina moduli nane zenye miguu ya haidroliki iliyowekwa juu ya sukii (vitelezi vya theluji), na mwaka 2017 kilihamishwa kilomita 23 kukwepa ufa kwenye barafu. Malazi ya wageni hayahitaji miguu ya haidroliki. Yanahitaji mlango usioelekea upande ambako theluji hurundikwa na upepo, na chumba kidogo cha kuingilia chenye milango miwili, ili viatu vilivyolowa na hewa baridi viishie hapo.

Kuhusu maji, sheria yetu ni kwamba hakuna bomba ndani ya ukuta wa nje au ndani ya sakafu. Bafu za vyumba viwili zipeane migongo, mabomba yao yote yawe kwenye kabati moja katikati, lenye mlango wa ukaguzi na joto la chumba. Hapo mnabaki na tundu moja la sakafu kwa vyumba viwili. Kipande kinachokatiza ile nafasi ya chini ya jengo kivikwe waya wa kupasha wa wati 10 hadi 15 kwa mita, kisha kihami. Kihisi chake kigusane na bomba lenyewe, kisining'inizwe hewani. Bomba la maji taka literemke sentimita mbili kwa kila mita. Wengi hudhani linalotoa maji haligandi. Maji mengi ya ghafla hayagandi. Tone-tone la bomba bovu ndilo huganda tabaka kwa tabaka mpaka njia inafungwa. Kwa hiyo bomba la choo linalovuja ni dharura, lisiachwe mpaka Jumatatu. Bomba la kupumulia darini nalo huziba kwa sakitu inayotokana na mvuke wake lenyewe. Liwe na kipenyo cha milimita 100 na livikwe kihami hadi mwisho.

Kwa siku za chumba kitupu kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kukiacha na nyuzi 8: upotevu hupungua kwa karibu theluthi na hakuna kinachoganda. Ya pili, kwa kufunga msimu mzima, ni kutoa maji yote. Fungua vali ya chini kabisa, puliza mabomba kwa kompresa, mimina dawa ya kuzuia kuganda aina ya propilini glaikoli (si ile ya redieta ya gari, ambayo ni sumu) kwenye mikunjo ya sinki, bafu na choo. Vinavyosahaulika ni tangi la choo, mpira wa bafu na bomba la kuchanganya lenye kidhibiti joto; hilo la mwisho hubaki na maji ndani hata likifunguliwa, nalo ndilo hupasuka kwanza.

Sasa mitambo. Kibadilisha joto cha hewa huanza kuganda ndani nje ikifika nyuzi 3 hadi 5 chini ya sifuri, kwa sababu unyevu wa hewa inayotoka huganda kwenye mapezi yake. Kisichokuwa na kipasha-awali huzima feni ya kuingiza hewa kujiokoa, na chumba kinaanza kuvuta hewa kwenye nyufa. Chagueni kinachorudisha na unyevu pia, maana kuna upande wa pili wa shilingi: hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina takribani gramu moja tu ya maji kwa mita ya ujazo. Ukiiingiza mita 50 kila saa usiku kucha, unyevu wa chumba hushuka chini ya asilimia 20, wageni huamka na koo kavu na milango ya mbao huachana. Kihisi cha unyevu kiongoze kasi ya feni.

Paneli za sola ziwekwe wima ukutani, upande wa jua la mchana. Theluji haikai juu yake, na mwanga unaorudishwa na theluji ya chini huongeza mavuno. Ila kuna mtego: volti hupanda baridi ikizidi. Paneli 10 za volti 45 zilizounganishwa mfululizo hutoa 450 kwa kipimo cha nyuzi 25. Kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa ongezeko la asilimia 0.3 kwa kila nyuzi, zinafika karibu 518. Inveta yenye kikomo cha 500 huweza kuungua asubuhi ya kwanza yenye jua. Betri za lithiamu zisichajiwe chini ya sifuri, zinaharibika kwa ndani; zikae ndani ya sehemu yenye joto. Pampu ya joto ya hewa huyeyusha barafu yake na kudondosha maji, kwa hiyo iinuliwe na ipewe njia ya maji yenye waya wa kupasha. Na jiko la kuni la kilowati 6 katika chumba kinachodai moja ni kosa la hesabu tu; wageni watafungua madirisha.

Kwa wanaonunua, sharti moja liingizwe kwenye mkataba: malipo ya mwisho yasubiri kipimo cha uvujaji kilichofanywa baada ya vyumba kuunganishwa mahali pake. Feni hufungwa mlangoni na kuweka tofauti ya shinikizo ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Hewa ya chumba isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa, kiwango kilekile cha "nyumba tulivu" (Passivhaus), majengo yanayohitaji joto kidogo mno, ya aina iliyoanzia Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991. Feni ikiwa bado inavuta, pitieni kila kiungio kwa kamera ya joto alfajiri, darini kwanza. Cheti cha kiwandani hakitoshi, kwa sababu maungio hayakuwapo kiwandani.

Wenu,
Wabunifu na mafundi wa majengo ya mbao